Mwenye rimoti hatulii: shida ni mtu ama ni stesheni?

Mama_Section58 (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Naomba mniamulie jambo, maana hapa nyumbani tumebishana mpaka tumechoka.

Mzee wangu akishika rimoti hakuna kitu kitaonwa kikafika mwisho. Saa moja jioni anaanza na Citizen. Kabla mtangazaji amalize vichwa vya habari tuko NTV. Huko tunamkuta mama analia kando ya barabara, na kabla tujue analilia nini, tuko KTN. KTN wako kwa ile ajali tuliyoikimbia Citizen. Tukirudi Citizen ajali imeisha, sasa ni mheshimiwa anapiga siasa matangani. Saa mbili ikifika nimeliona lile lori limelala mtaroni kutoka pande zote, lakini ukiniuliza lilianguka wapi, sijui.

Rimoti yenyewe haiwekwi mezani. Inakaa pajani, bado iko ndani ya ile nailoni iliyokuja nayo, kidole gumba juu ya kitufe cha kupandisha stesheni. Akisinzia ukaivuta polepole, anafungua jicho moja: "Unapeleka wapi? Naangalia."

Wiki hii mama yake amekuja kutoka Mumias, na ana kipindi chake cha mapenzi cha jioni. Ndiyo maana nimelileta hapa kabla halijawa kesi ya ukoo. Huyu mtu ana shida, ama ni hizi stesheni zina shida?

Otis_Kondele (Kisumu)

Shemeji, mwachie jamaa. Mimi niliwahi kuuza matangazo hapa Kisumu, wacha nikuonyeshe vile mambo yamepangwa.

Habari za Kiswahili ni saa moja, za Kiingereza ni saa tatu. Si stesheni moja, ni zote kubwa. Hakuna anayethubutu kusogea hata nusu saa kwa sababu hizo ndizo saa za pesa, sebule imejaa. Sasa kama wote wanatoa kitu kimoja saa moja, mtazamaji atafanya nini? Atalinganisha. Huyu ana picha, yule ana mahojiano, yule mwingine ana mtu pale pale kwa tukio. Mzee wako hakimbii habari. Anachagua nani ameifanya vizuri, na ataamua vipi bila kuonja zote?

Halafu kuna matangazo ya biashara. Mwenye bidhaa kubwa, iwe sabuni ama kampuni ya simu, anaweza kununua dakika ile ile kwa stesheni zote. Makusudi kabisa. Ukikimbia tangazo lake huku unalikuta kule. Ndiyo maana kuna jioni unabonyeza, unabonyeza, na ni unga ule ule unapikwa kila mahali. Jamaa hana ugonjwa. Amezungukwa tu.

Mulembe_Mbale (Vihiga)

Otis umeongea kama wakili. Lakini kuna sababu nyingine wanaume hawaisemi hadharani, wacha niiseme mimi.

Mama yangu alitutembelea. Sisi Waluhya mnatujua: mkwe na mama mkwe hawakai wakiangaliana hivi hivi. Bwana yangu alikuwa amejikunja kwa kiti cha pembeni, macho kwa TV, mgongo umekauka. Kikaingia kile kipindi cha kutafsiriwa. Msichana na kijana wamesimama kwa geti. Kijana anamshika msichana mashavu. Muziki umeanza kupanda.

Jamani, sijawahi kuona rimoti ikifanya kazi haraka hivyo. Tulijikuta KBC, kilimo, mtu anaeleza minyoo ya ng'ombe. Mama yangu akasema, "Hiyo ya ng'ombe ni nzuri." Tukaangalia minyoo mpaka mwisho, hakuna aliyekohoa.

Kwa hivyo Mama wa Section 58, chunguza kwanza. Inawezekana akihama ni heshima anaweka, hasa sasa mama yake yuko.

Mama_Section58

Mulembe, nimecheka nikamwaga chai. Lakini huyu wangu anahama hata kwa utabiri wa hali ya anga. Nani anabusu nani kwa hali ya anga?

Mwalimu_Webuye (Bungoma)

Naingilia upande wa historia kidogo, kwa sababu vijana wanafikiri tabia hii imekuwepo tangu zamani. Huku kwetu haijazeeka.

TV ilianza Kenya 1962. Mwaka 1964 shirika la utangazaji la serikali likawa Sauti ya Kenya, na 1989 likarudia jina la KBC. Miaka hiyo yote ilikuwa stesheni moja. KTN ikaja 1990, ya kwanza ya watu binafsi, lakini ilianzia Nairobi. Sisi wa magharibi tuliisikia tu kwa watu waliotoka huko wakati wa Krismasi. Kijijini mwetu kulikuwa na TV moja ya Great Wall, nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari iliyochajiwa sokoni. Uhame uende wapi? Ukiona picha imekuwa mchele, unatuma mtoto nje azungushe mlingoti wa antena, mwingine anasimama dirishani kupitisha ujumbe: "Rudisha! Zidisha! Hapo hapo! Umepita!" Tuliangalia kila kitu kilicholetwa. Sherehe za kitaifa, maonyesho ya kilimo, mieleka, vichekesho vya mahakama, mpaka wimbo wa taifa na kufunga. Nawajua wazee wanaoweza kukusimulia kilimo cha pareto na hawajawahi kupanda hata mche mmoja.

Stesheni zilipoanza kufika huku zilifika moja moja, na mji kwa mji. Mafuriko yenyewe yalikuja 2015 analogi, ule mtindo wa zamani wa kurusha matangazo, ilipozimwa tuhamie dijitali. Mnakumbuka Februari ile, wakati nyumba tatu kubwa za habari zilipotoka hewani wiki kadhaa kwa ugomvi wa huko kuhamia dijitali? Zikarudi Machi, analogi ikazimwa nchi nzima mwisho wa mwezi huo, na kila mtu akatafuta dikoda, kile kisanduku cha kushika dijitali. Mtu aliyekuwa na stesheni nne akaamka na arobaini. Nusu ya hizo arobaini ni mahubiri, kuuziana dawa na muziki usiokoma, lakini lazima uzipitie ndiyo ujue hazina kitu.

Kwa hivyo mimi simlaumu mzee. Kizazi chetu tulikaa na stesheni moja muda mrefu, na bado hatujaamini kwamba tumepewa zote hizi.

Gari_la_Shaba (Eldoret)

Na nani alitengeneza hiki kitu cha kuvunja nyumba?

Fundi_Kaptembwo (Nakuru)

Hapo umenigusa, kazi yangu ni hiyo.

Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti ya kwanza ya TV 1950. Ilikuwa na waya mrefu mpaka kwa TV, watu wakawa wanajikwaa sebuleni. 1955 mhandisi wao Eugene Polley akatoa ya tochi: unamulika pembe za TV, kila pembe na kazi yake. Shida ni kwamba jua likiingia dirishani nalo linabadilisha stesheni. 1956 mwenzake Robert Adler akatoa ya sauti. Ndani mlikuwa na vijiti vya alumini, ukibonyeza nyundo ndogo inagonga kijiti, kinatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii lakini TV inasikia. Haikuwa na betri kabisa. Hizi zetu za mwanga usioonekana zilikuja kuenea miaka ya 1980.

Lakini sikilizeni hii, inaingia kwa maneno ya Otis. Mwenye kampuni, Eugene McDonald, alikuwa anachukia matangazo ya biashara, na alitaka kitu cha kuyanyamazisha mtu akiwa amekaa kwa kiti chake. Ile ya tochi iliuzwa kwa ahadi hiyo hiyo. Kwa hivyo huyo mzee wa Section 58 anaitumia sawasawa na ilivyokusudiwa.

Kwa meza yangu mimi najua mwenye tabia hii bila kuambiwa. Mtu analeta rimoti anasema imekufa. Naifungua, natoa ule mpira wa ndani. Chini ya kila kitufe kuna kidoa cheusi cha kaboni kinachogusa bodi. Vidoa vya namba viko kama vipya. Cha sauti kimechoka kidogo. Cha kupandisha stesheni kimeisha kabisa, kimebaki mpira mtupu unaong'aa. Na huwa ni cha kupandisha, si cha kushusha. Watu wanazunguka upande mmoja tu mpaka wanarudi walikoanza.

Mama_Section58

Fundi, yetu ndivyo ilivyo sasa. Inabidi abonyeze kwa ukucha. Naweza kuirekebisha mwenyewe, ama niiache hivyo hivyo imfundishe adabu?

Fundi_Kaptembwo

Ha! Uamuzi ni wako, lakini dawa ni hii. Toa betri. Fungua kwa kisu butu kuzunguka ule mshono, polepole, usivunje meno ya ndani. Pangusa bodi na mpira kwa pamba yenye spiriti kidogo, utashangaa mafuta yatakayotoka, hata nyumba isiyopika omena. Ikikauka, chukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kata kipande kidogo cha ukubwa wa kile kidoa, bandika chini ya kitufe kilichochoka kwa gundi kidogo sana. Gundi isivuke pembeni. Funga.

Kabla ya yote jaribu hivi: washa kamera ya simu, ile ya mbele ya kujipiga picha, elekeza rimoti kwake, bonyeza. Ukiona kamwanga kanawakawaka kwa skrini, rimoti inatuma, shida iko kwa TV ama dikoda. Usipoona kitu, badilisha betri kwanza kabla hujaharibu chochote. Kamera za nyuma za simu nyingi huzuia huo mwanga, ndiyo maana nasema ya mbele.

Otis_Kondele

Fundi, ukiwa bado hapa. Mbona siku hizi ukihama inakaa nyeusi kidogo ndiyo picha ije? Zamani ilikuwa papo hapo.

Fundi_Kaptembwo

Analogi picha ilikuwa inachorwa yote upya mara 25 kwa sekunde. Ukiingia wakati wowote unapata picha. Dijitali wanabana. Wanatuma picha moja kamili, halafu zinazofuata wanatuma tu kilichobadilika, halafu baada ya muda kidogo wanatuma kamili nyingine. Ukihama katikati, dikoda haina la kuonyesha mpaka picha kamili ipite tena.

Zaidi ya hapo, stesheni kadhaa zinapanda matatu moja, yaani masafa mamoja. Ukihama kutoka abiria mmoja kwenda mwingine ndani ya matatu hiyo hiyo ni haraka. Ukihama kwenda ya matatu nyingine, dikoda lazima ishuke, itafute masafa mapya, isome orodha ya waliomo, ndiyo imchukue unayemtaka. Na kama ni stesheni ya kulipia, kuna kusubiri ufunguo wa kufungulia picha. Yote hayo ni sekunde moja, mbili, wakati mwingine tatu. Kwa mtu anayezunguka stesheni arobaini, hesabu mwenyewe ni dakika ngapi za jioni anaangalia skrini nyeusi.

Nyar_Maseno (Kisumu)

Naomba nilete la shule. Kuna watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, Katy Tam na Michael Inzlicht, walitoa utafiti 2024 kuhusu hii hii ya kurukaruka, ila wao waliangalia video za mtandaoni. Majaribio saba, zaidi ya watu 1,200. Watu waliamini kwamba wakiruka kutoka video hadi video, ama wakipeleka mbele, watachoshwa kidogo. Ikawa kinyume. Waliokaa na video moja walichoshwa kidogo kuliko waliopewa uhuru wa kuruka.

Kwa hivyo Mama, kwa sayansi, mzee anajichosha mwenyewe halafu anafikiri dawa ni kuongeza dozi.

Otis_Kondele

Nyar, nakubali utafiti, sikubali unavyoupeleka. Hizo ni video. Video inakungoja. Ukiiacha dakika ya nne unaikuta dakika ya nne. TV ya kawaida haikungoji, ukihama kuna kitu kinakupita na hakirudi. Anayehama kwa TV anacheza karata, na karata haichoshi. Ndiyo maana watu wanaoweza kuruka TV saa nzima hukosa la kuchagua wakipewa ile mitandao ya filamu za kulipia. Wanapitia picha tu, picha tu, halafu wanalala.

Nyar_Maseno

Sasa hapo umenisaidia mimi. Kama ni karata, basi hataki kipindi. Anataka ule wasiwasi wa kipindi.

Banda_la_Shinyalu (Kakamega)

Mimi nina banda la mpira, na hizi karata zenu zingenifilisi.

Mei 13, 2012. Wenye mpira mnajua. Siku ya mwisho ya Ligi ya Uingereza, mechi zote zinaanza pamoja, kwetu saa kumi na moja jioni. Manchester City wako nyumbani na QPR, Manchester United wako Sunderland, pointi sawasawa, City mbele kwa mabao. Banda lilikuwa na TV moja na dikoda moja. Nusu ya watu ni United, nusu wamekuwa City siku hiyo kwa sababu tu ya kuchukia United. Wote wamelipa. Ikakubaliwa rimoti ishikwe na kijana mmoja wa Arsenal, ati hana upande.

QPR wako kumi uwanjani lakini wanaongoza mbili moja. Kijana anazunguka: Manchester, Sunderland, Manchester, Sunderland. Dakika tisini zinaisha. Džeko anasawazisha, tukiwa Manchester. Watu wa United wanapiga kelele, "Peleka kwetu, tumeshinda, tuone kombe!" Kweli Sunderland imeisha, United moja bila, wachezaji wamesimama uwanjani wanangoja. Kijana akapeleka. Skrini nyeusi. Picha ikaja, tunaona wachezaji wa United wamesimama, mashabiki wao kwanza wanaruka, halafu ghafla uso wa kila mtu umebadilika, na sisi hatujui kwa nini. Aliporudisha Manchester, Agüero wa City alikuwa tayari amefunga la tatu na kuvua jezi.

Lile bao limeonwa na dunia nzima isipokuwa banda moja la Shinyalu. Kijana alitoka kwa mlango wa nyuma. Msimu uliofuata nilinunua TV ya pili, na rimoti zote mbili zinakaa kwangu kwa kaunta, ndani ya droo yenye kufuli.

Sasa hivi hata kwa Kombe la Dunia nafanya hivyo, kwa sababu mechi za mwisho za makundi huchezwa pamoja. Hilo walileta 1986, baada ya Ujerumani Magharibi na Austria kucheza 1982 wakijua tayari matokeo yanayowafaa wote wawili, Algeria ikatolewa. Zamani ungeangalia moja leo na nyingine kesho bila ugomvi. Haki ya Algeria imeniongezea bili ya stima.

Jaduong_Nyamasaria (Kisumu)

Nimesoma mkicheka na mimi nimecheka. Lakini kuna kuhama kwingine, na watu wa Kisumu tunakujua.

Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga akila kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park. Asubuhi nimeketi na majirani, tunangoja. Citizen ikazimika. Tukaenda NTV, imezimika. KTN, hivyo hivyo. Serikali ilikuwa imezifunga zote tatu. Mkono wangu ulizunguka hizo stesheni mchana kutwa, nikijua hakuna kitu, kwa sababu labda moja itarudi. Mahakama iliamuru zifunguliwe, lakini siku zilipita kabla ya kurudi, na Citizen ilikuwa ya mwisho. Siku hiyo usingemwambia mtu hapa Nyamasaria kwamba kubonyeza rimoti ni uvivu.

Halafu Agosti 2022. Tumepiga kura tarehe 9. Tume ya uchaguzi ikaweka Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kwa tovuti, vituo zaidi ya 46,000, na kila nyumba ya habari ikajumlisha yenyewe. Unawasha stesheni hii, fulani anaongoza. Unaenda ile, fulani ako nyuma. Dakika moja, nchi moja, rais wawili! Nyumba nzima imeshika vichwa. Wengine wakasema stesheni fulani imenunuliwa. Mimi nilikaa na daftari, nikawa naandika: stesheni hii imehesabu vituo vingapi, ile vingapi. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna lazima aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alikuwa anachukua fomu kwa mpangilio wake. Aliyeanza na ngome ya huyu anampa huyu, aliyeanza na ngome ya yule anampa yule. Ungekaa na stesheni moja siku hizo, mpaka tarehe 15 mshindi alipotangazwa, ungekuwa umeamini kitu kimoja kwa moyo wako wote. Kuna watu walifanya hivyo, na nilikuwa nawasikia hotelini wakiapa.

Kwa hivyo mama, mimi namtetea bwana yako, lakini kwa sharti: awe na daftari.

Mulembe_Mbale

Jaduong', daftari tena! Wengine tunataka tu kujua kama yule msichana wa getini aliolewa.

Mzee_wa_Malaba_Road

Nimeonyeshwa huu uzi na mwenyewe. Ndiyo, ni mimi. Naona nimeshapimwa akili na watu wa kaunti sita, asanteni.

Mimi ni dereva wa lori. Nakuru, Eldoret, Malaba, kurudi. Kwa gari sina TV, nina redio. Mkitoka Nakuru stesheni iko safi. Mkipanda Mau Summit inaanza kukwaruza. Timboroa imeenda, unashika nyingine. Burnt Forest hiyo nayo inaingiliwa. Eldoret zimejaa, ukishuka kuelekea Webuye zinabadilika tena, na ukikaribia Malaba Waganda wameingia kila mahali. Mkono wa kushoto hautulii njia nzima, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hiyo ni shida. Ni kuendesha. Sasa nikifika nyumbani mnataka huo mkono ukae wapi?

La pili ni hilo lori. Mke wangu anasema tumeliona pande zote na hajui lilianguka wapi. Mimi najua, kwa sababu ndiyo nilikuwa natafuta. Stesheni moja inaonyesha turubali tu. Nyingine inaonyesha watu wakichota mafuta. Ya tatu inaonyesha kichwa cha gari kwa upande, na hapo ndiyo unaona rangi ya kampuni, wakati mwingine maandishi ya mlangoni. Nikishaona si la mtu ninayemjua, naenda hali ya anga kuona kama Timboroa kuna mvua kesho. Basi.

Kipindi cha mama sikukitoa kwa ubaya. Mulembe amesema ukweli wote pale na mimi sitaongeza neno.

Mama_Section58

Baba nanii, hii ya lori hujawahi kuniambia. Kila siku ni "naangalia". Unaangalia nini, husemi.

Mzee_wa_Malaba_Road

Ningesema ungekuwa unahesabu malori na mimi.

Mama_Section58

Afadhali tuhesabu wote kuliko nikae hapo nikifikiri umerogwa.

Haya. Lori unaruhusiwa. Ukiona lori, zunguka stesheni zote, na useme ni wapi, kwa sauti. Lakini siasa za matanga hatuhitaji pande tatu. Na kipindi cha mama kinaanza saa moja na nusu, hapo rimoti inaenda kwake.

Mzee_wa_Malaba_Road

Saa moja na nusu habari haijaisha. Saa mbili kasorobo.

Mama_Section58

Saa mbili kasorobo yule msichana atakuwa ameshaolewa na ana watoto.

Otis_Kondele

Saa moja na dakika thelathini na tano, matangazo ya kwanza yakiingia. Nawajua hao watu, wakiingia hawatoki haraka. Mzee hakosi kitu.

Mzee_wa_Malaba_Road

Nakubali. Lakini wakibusu mimi natoka nje kuangalia tairi.

Gari_la_Shaba

Tairi za lori zima? Hizo ni nyingi, kipindi kitaisha.

Mzee_wa_Malaba_Road

Ndiyo maana nimechagua tairi.

Fundi_Kaptembwo

Mkishamaliza kesi, rimoti leteni Kaptembwo kabla Mama hajaingiza kisu. Na toeni hiyo nailoni. Ndiyo inafanya abonyeze kwa nguvu mpaka kaboni inaisha.

Mama_Section58

Nailoni mama mkwe ameshatoa leo mchana. Amefungia chumvi.